Jua la Kijiko

Daktari Alfrun amevua viatu mlangoni,
kama mtoto aliyelelewa,
akakaa ukingoni mwa kitanda changu
akanisomea damu yangu.
Ishirini na tisa, anasema.
Tunataka hamsini.
Nami niliyerudia darasa kwa sababu ya hesabu
namuuliza: kwa hiyo nimepasi au nimefeli?

Anacheka. Hanijibu.

Nje ni saa tano asubuhi na bado giza.
Ndivyo ilivyo kwenye fiodi hizi za Aislandi:
mlima umesimama mbele ya jua
kama mtu mnene mbele ya televisheni.
Tangu Novemba hatujaliona,
wala hatutaliona hadi mwisho wa Januari,
siku ambayo mji mzima hupika chapati za maji
na kahawa nzito, kulipokea,
kama mdeni aliyetoroka, akarudi bila haya.

Ngozi ya mzee, anasema, ni kiwanda kilichochakaa:
hata ukiipa Julai nzima haitoi vitamini kama zamani.
Na vitamini ikipungua, huenda walinzi wa kifuani wakasinzia,
mafua yakapita puani bila kuulizwa jina
yakashuka hadi kwenye mapafu.
Huenda.
Analipenda sana neno hilo.
Utafiti mmoja umesema ndiyo, mwingine umesema sivyo,
ndiyo maana kuna chupa hizi,
zinazofanana kama mayai:
baadhi zina vitamini D, baadhi mafuta matupu,
na nani kapewa ipi hata yeye hajui.
Matone matano kila asubuhi, hadi Aprili.

Mafuta nayajua mimi.
Miaka thelathini na moja nilisimama kiwandani,
buti hadi magotini, nikichomoa maini ya samaki.
Mikono yangu ilinuka kanisani.
Ilinuka usiku wa harusi.
Na kabla ya hapo mama alitupanga mstari,
watoto saba, kijiko kimoja,
anayetema anaongezewa.
Hakuna aliyetupima damu.
Wawili walikufa kwa kifua hata hivyo,
Sigþrúður, na mdogo ambaye hakuwa amebatizwa.
Mama hakukilaumu kijiko.
Hakukisifu pia kwa ajili yetu watano.

Ketill wa chumba namba sita
alipata sabini na nne.
Akaibandika karatasi mlangoni, akatamba mezani
hadi supu ikapoa.
Alikuwa mwalimu wa kuogelea;
nusu ya mji huu ilijifunza kwake kubana pumzi.

Katikati ya Januari mjukuu wake alimletea keki, na mafua.
Jumatatu chafya.
Jumatano homa.
Ijumaa nilimsikia kupitia ukutani,
pumzi ikikwaruza
kama koleo kwenye theluji iliyoganda.
Nikagonga mara tatu. Akajibu mara mbili.
Jumapili usiku nikagonga tena.

Nikagonga tena.

Alfrun alikuja bila karatasi,
akasahau kuvua viatu.
Namba ni ya wengi, akasema,
haimjui mtu mmoja mmoja.
Macho yake yalikuwa mekundu, nikampa leso yangu.
Sikumwambia kwamba hilo
mwanamke mwenye kijiko kimoja alilijua zamani.

Leo jua limerudi. Dakika saba, labda nane.
Limepenya chumba namba sita kwanza,
likalala juu ya godoro lisilo na shuka,
ndipo likaja kwangu, kwenye goti la kushoto.
Nimekula chapati mbili, yangu na yake.
Kisha nimehesabu matone: moja, mbili,
mkono ukatetemeka, nikaanza upya,
moja, mbili, tatu, nne, tano.

Huenda ni dawa. Huenda ni mafuta matupu.
Nimelamba kijiko hadi kikang'aa.
Hayana hata harufu ya samaki.
Hilo ndilo sijawasamehe.